Ujumbe wa Mwisho Kwenye Folda ya Tayari

Vijana wangu, mkinipata siku hizi huku Riruta nimekaa mlangoni na miwani mizito, msidhani nilizaliwa hivi. Macho haya yameishia kwa skrini. Nimefanya kazi ya kompyuta miaka mingi, na kazi yenyewe ukimwelezea jirani haelewi: nilikuwa natunza faili za tafsiri. Si kutafsiri, kutunza. Mke wangu alichoka kuwaeleza watu kanisani, akawa anasema tu, "Anafanya na kompyuta," na watu wanaridhika.

Leo nataka kuwaambia juu ya ujumbe mmoja. Ni sentensi nne au tano za Kijaluo, za kutumwa kwa simu ya mama ambaye mtoto wake amefia tumboni. Ziliandikwa na mwanamke aliyejua anachosema, na mimi nikazipoteza. Nitafika hapo. Nikianza na hapo mtanichukia kabla hamjaelewa kazi, kwa hivyo ngojeni kwanza niwaeleze kazi.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, chumba kimoja juu ya duka la mabati na misumari pale Kawangware, kituo cha matatu cha 56. Tulitengeneza programu ya kutuma ujumbe kwa wajawazito waliojiandikisha kwenye kliniki moja ya Lindi, kule Kibera. Kila wiki mama anapata maneno kidogo: kula hiki, pumzika, ukiona damu usingoje kesho. Alichagua lugha mwenyewe, Kiswahili, Kiluhya au Kijaluo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Tulikuwa na folda mbili. Ya kwanza tuliiita Asili. Humo mtu anaandika tafsiri kwa mkono wake. Ya pili tuliiita Tayari, na humo hakuna mtu anayeandika. Ukitoa amri moja, mashine inachukua yaliyo Asili, na pale ambapo hakuna mtu aliyetafsiri inajaza tafsiri yake yenyewe kutoka Kiingereza. Halafu inaandika yote ndani ya Tayari, juu ya yale yaliyokuwamo. Simu za akina mama zinasoma Tayari. Mkielewa hapo mmeelewa yote.

Na kuna ule mfumo mnaoupenda, Git, unaotunza kila badiliko la kila faili, nani alibadilisha na lini, ili mtu akiharibu mrudi nyuma. Mwanzoni tuliweka folda zote mbili humo, na ilikuwa vurugu tupu. Mimi nikitoa amri kwa kompyuta yangu, na Njoroge akitoa kwa yake, faili za Tayari zinatoka tofauti kidogo, mpangilio tu, na Git inalalamika kwamba kazi zetu zinagongana. Zikigongana hivyo, inaweka alama za mishale ndani ya faili, saba kwa mstari, ili mtu aje achague upande gani ubaki.

Siku moja nilichagua mbiombio, nikasahau mishale mahali pamoja. Wiki hiyo akina mama wote wa Kiluhya walipata ujumbe wa kwenda kliniki ukiwa na mishale saba imeangalia kushoto. Nesi akatupigia simu. Kuna mama alikuwa amefika akiuliza kama kliniki imehamishwa upande wa kushoto. Mwingine, na huyu ndiye alinimaliza, aliuliza kama hiyo ndiyo njia mtoto atapitia.

Njoroge alicheka mpaka akakaa chini. Huyo Njoroge ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa nimempita kwa miaka kumi. Nilitoka kwa kuchapia watu barua pale sokoni, na yeye akanichukua nikiwa sijui hata Git ni kitu gani. Alipomaliza kucheka akaniambia, "Wycliffe, kitu mashine inaweza kutengeneza tena hatuweki kwa Git. Tunaweka kile mtu ameandika, basi." Akanionyesha ile faili ndogo ambayo unaandika majina ya vitu unavyotaka Git ivipuuze. Nikaandika humo Tayari. Kugongana kukaisha siku hiyo hiyo.

Nikawa mkali wa sheria hiyo kumshinda mwenye kuileta. Mtu akijaribu kuingiza faili ya mashine namfuata mpaka anaiondoa. Wakanibandika jina, Mzee Puuza. Nilijivunia hilo jina, mjinga mimi.

Na hata leo nawaambia sheria ni nzuri. Fuateni. Lakini kuna jambo Njoroge hakuniambia kwa sababu alidhani kila mtu analijua. Faili uliyoiambia Git iipuuze, Git haiioni kabisa. Mtu akiandika humo kazi ya mwezi mzima, ukiuliza kuna mabadiliko gani utaambiwa hakuna, kila kitu kiko safi. Unaweza kuiuliza makusudi ikuonyeshe na zile inazopuuza, iko amri ya hivyo, ni fupi, jifunzeni. Mimi nilijifunza nikiwa nimechelewa.

Nije kwa Mama Atieno.

Alikuwa mkunga pale Lindi kabla kliniki haijafika, halafu kliniki ikamchukua awe anazungukia wajawazito nyumba kwa nyumba. Mama wa miaka sitini hivi, mnene, mcheshi, anakuita "omera" hata kama wewe si ndugu yake na si Mjaluo. Mimi ni Mluhya, Kijaluo changu ni cha kununulia omena tu, na alinicheka kwa hilo kila tulipokutana. "Omera, nyamaza," ananiambia. "Ukiendelea hivyo hawa samaki watarudi ziwani."

Tulimwajiri arekebishe Kijaluo cha mashine. Mashine ilijua maneno, siwezi kukataa, lakini ilikuwa inaongea na wajawazito kama askari wa kanjo, wale wa jiji wanaofukuza wachuuzi. Nenda. Leta. Usikose. Mama Atieno alisoma ukurasa wa kwanza akaniuliza, "Huyu anagombana na nani?"

Alikuwa na njia yake ya kazi, na sijawahi kuona nyingine iliyoishinda. Jumamosi asubuhi wanawake wa ploti yake hufua nguo kwenye kibaraza, kila mmoja na beseni lake. Yeye anakaa kwa mlango wake na laptopu ya kampuni magotini, anasoma ujumbe kwa sauti, ya kawaida tu, bila kuwaambia wasikilize. Mtu akicheka, anaandika upya. Wakiendelea kufua, anaandika upya pia. Ila mikono ikisimama kwa maji, huo unabaki. Wajaluo, Waluhya walioolewa na Wajaluo, wote walikuwa wanampimia maneno hivyo bila kujua.

Sasa shida. Alitaka pia kuona maneno kwenye simu jinsi mama atakavyoyaona, na alitaka hapo hapo, wanawake wakiwa bado wanafua. Kama angeandika ndani ya Asili, ilibidi atoe ile amri, na mashine ilikuwa haiwezi kufanya kazi yake bila mtandao. Mtandao wa pale ulikuwa wa bahati, na stima nayo hivyo hivyo. Alipolalamika, nami nikiona anapoteza muda, nikamfundisha njia ya mkato. Nikamfungulia Tayari. "Mama, rekebisha hapa," nikamwambia. "Itaonekana mara moja kwa hii simu ya majaribio. Mimi nitahamishia Asili baadaye."

Mimi, Mzee Puuza, ndiye nilisema hivyo. Miezi minne alifanya kazi ndani ya folda ambayo mimi mwenyewe niliiambia Git isiitazame, na kila Jumamosi nikienda kumwona nilikuwa najiambia nitahamisha wiki ijayo.

Ule ujumbe wa mwisho kwenye orodha ndio ulikuwa wa mama aliyepoteza mtoto. Kiingereza chake kiliandikwa na mtu wa ofisini, na mashine ikakitafsiri neno kwa neno. Ukiuweka kwa Kiswahili ulikuwa unasema: "Mpendwa mteja, rekodi zetu zinaonyesha kwamba ujauzito wako umefungwa. Tembelea kituo chako kwa huduma zaidi."

Mama Atieno alipoufikia aliifunga laptopu kwanza. "Omera, huyu aliandika hii amewahi kuzika mtoto?"

Nikamwambia sijui.

"Mimi nimezika wawili," akasema. "Kabla ya Atieno."

Huo ujumbe ulimchukua Jumamosi tatu. Ya kwanza wanawake waliendelea kufua, akafuta wote. Ya pili mmoja akasema ni mzuri, lakini alisema haraka, na Mama Atieno akanitazama akatikisa kichwa, akafuta tena. Jumamosi ya tatu nilikuwa nimekaa kando yake juu ya mtungi wa plastiki wa maji. Alisoma polepole. Mabeseni yote yakanyamaza. Mwanamke mmoja alipangusa mikono kwa kanga, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Mama Atieno akasema, "Huo umefika," akaandika jinsi alivyousoma.

Nikamuuliza, "Umesema nini hapo?"

"Hayo ni ya wanawake," akasema. "Siku nyingine nitakufasiria."

Ningeuliza siku nyingine. Sikuuliza, maana niliona tuna wakati wote duniani.

Alipomaliza orodha yote, alikuja Kawangware na laptopu ndani ya kiondo, amevaa nguo za kanisani ingawa ilikuwa Jumanne. Tulikuwa tunataka kutuma Kijaluo kipya wiki hiyo. Njoroge akampa kiti na chai. Mimi nikafungua laptopu, nikaunganisha simu ya majaribio kwa waya, nikavuta kazi mpya za wenzangu kutoka kwa Git. Iliniambia kila kitu kiko safi. Halafu vidole vikatoa ile amri. Sikufikiria. Nilikuwa nimeitoa mara nyingi sana, kama mtu anavyofunga kamba za viatu.

Ilichukua muda wa kunywa chai funda mbili. Nikampa simu aangalie.

Alisoma wa kwanza, akasoma wa pili, akapitisha kidole mpaka chini. "Wycliffe," akasema, na hakuwahi kuniita Wycliffe. "Maneno yangu yako wapi?"

Nikamwambia angoje kidogo. Nikafungua Tayari, Kijaluo cha kanjo kimejaa kote. Nikaenda kwa Git kutafuta historia, hakuna historia, nilikuwa nimeikataza mwenyewe. Simu ilikuwa imeunganishwa, nayo ikapokea mapya papo hapo juu ya yale yake. Njoroge alikaa na diski ya ile laptopu siku mbili akijaribu kuokoa chochote, akatoa vipande vya faili za Kiluhya na picha za mtu asiyejulikana. Karatasi hakuwa nazo, maana Mama Atieno alikuwa anatunga mdomoni. Nililia siku hiyo, mbele yao wote, na sina aibu kuwaambia.

Yeye hakulia. Alimaliza chai yake, akafunga kiondo. "Si nitaandika tena," akasema. "Maneno si yangu? Ila sasa utanionyesha pahali penye hayapotei."

Nikamwonyesha Asili. Kuanzia hapo kila Jumamosi nilikuwa naenda Lindi mwenyewe, na kila sentensi aliyomaliza nilikuwa naikomiti, yaani naikabidhi kwa Git, hapo hapo kabla ya kuinuka, jina lake likiwa juu yake. Alianza kutoka nambari ya kwanza. Mimi nilitaka aanze na ule wa mwisho, nilikuwa nao moyoni kila siku, lakini nilipotaja alikataa. "Huo ulinichosha, omera. Wacha nipate nguvu kwanza." Sikuwa na uso wa kumsukuma.

Alirudi vizuri. Nyingine alisema zimekuwa nzuri kuliko za mwanzo, na wanawake wa mabeseni wakakubali. Alikuwa amebakisha kama jumbe sita hivi aliposhikwa na kiharusi akiwa anatoka kanisani. Upande mmoja ukafa, na mdomo nao. Nilimtembelea hospitalini. Alinitambua, akanishika mkono na ule mmoja mzuri, akawa anajaribu kusema kitu na hakitoki, na mimi nikawa namwambia, "Mama usijali, usijali." Baada ya mwezi akatuacha. Nilisafiri na watu wa matanga mpaka kwao upande wa ziwa, nikasimama nyuma kabisa.

Zile sita zilizobaki, mashine ilizijaza. Ilikuwa haiachi pengo, ndivyo tulivyoitengeneza. Ningeweza kuzima ule wa mwisho, ilikuwa kazi ya mstari mmoja. Ningeweza kutafuta Mjaluo mwingine. Kila nilipofungua ile faili nikifika chini naifunga. Njoroge aliuliza mara moja, nikamwambia nitashughulikia baadaye, na yeye kwa heshima ya marehemu hakuuliza tena. Halafu macho yakanishinda, nikastaafu, ikabaki hivyo. Vijana, hilo ndilo linaloniuma kuliko ile amri. Ile amri ilikuwa vidole.

Atieno, binti yake, ana saluni ndogo hapo hapo 56. Mwaka uliofuata mazishi alipata mimba yake ya kwanza, na akajiandikisha na kliniki ya mama yake, akavuka mji mpaka Lindi ingawa kuna kliniki karibu. Alichagua Kijaluo. Nilimkuta siku moja nikipita, akaniita ndani, mteja akiwa amesukwa nywele nusu. "Uncle, kuja uone," akaniambia, akanipa simu. "Nilitaka kusomewa na mum." Kila wiki ujumbe ukiingia anausoma kwa sauti, na wasichana wa saluni wanasema huyo ni Mama Atieno mtupu, hata wasioelewa Kijaluo. Alikuwa anacheka. Alisema kuna mmoja wa miguu kuvimba, na mama yake alikuwa anawaambia shangazi zake maneno hayo hayo.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Jumanne ile. Nilijiambia angalau hizo ziko. Kuhusu ule wa mwisho nilisema moyoni, yeye hatauhitaji.

Mwezi wa saba wa mimba mtoto akaacha kucheza tumboni. Nilisikia kutoka kwa mke wangu, aliyesikia kanisani. Nilikaa siku nne bila kwenda, nikisema nampa nafasi, na ukweli ni kwamba niliogopa. Siku ya tano akaja yeye. Alifika kwa mlango huu mnaoniona nimekaa, mchana, amejifunga leso tumboni. Nikampa kiti. Mke wangu akampa pole, akaingia kutayarisha chai.

"Uncle," akasema, "nikuulize kitu."

"Uliza, mama."

Akafungua simu, akanionyesha. Sikuhitaji miwani. Hata kwa Kijaluo changu cha omena nililijua lile neno la pale mwanzoni, mteja.

"Hii ni mum aliandika?"

Ningesema ndiyo, angeondoka na mama aliyemwambia mimba yake imefungwa. Nikamwambia hapana. Nikamwambia yote, jinsi nilivyowaambia ninyi, folda mbili, njia ya mkato, vidole, na jinsi niliuacha ule wa mashine ukae kwa sababu sikuweza kuutazama. Chai ililetwa, ikapoa.

"Nilijua si yeye," akasema mwishoni. "Zote zilikuwa yeye. Hii tu." "Na ile yake ilikuwa inasema nini?"

"Aliiandika kwa Jumamosi tatu," nikaanza. "Nilikuwa nimekaa karibu naye."

"Ndio uncle. Ilikuwa inasema nini?"

Nilitafuta. Nawaambia nilitafuta kichwani, nikifumba macho, hata sauti, hata neno moja ambalo yeye angeweza kulitambua. Nilikumbuka mtungi niliokalia. Nilikumbuka mlango uliofungwa.

"Sikumbuki," nikasema. "Sikuelewa, na sikuuliza."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Halafu akaiweka simu mkononi mwangu, ikiwa bado imefunguka pale pale.

"Basi nifutie hii," akasema. "Mimi nikijaribu naisoma tena."

Nikafuta.